Tai wa Kifuani

Kikombe cha baba kilikuwa na msumari wake. Vikombe vyetu sisi wengine vilirundikana kwenye beseni kama kondoo kivulini, lakini hicho cha bati, cha buluu, chenye kovu jeusi pale rangi ilipobanduka, kilining'inia peke yake nje ya mlango wa jikoni. Hakuna aliyekigusa isipokuwa mama, naye alikishika kwa vidole viwili. Miaka saba! Nilikipita nikienda sekondari, nikakipita nikirudi na barua ya chuo, na ile Ijumaa ya Machi 2006 nilipoingia kwetu Noonkopir, pale Kitengela, mbio mbio, begi likinipiga mgongoni, kitu cha kwanza nilichokitazama ni hicho kikombe. Nikakiambia kwa sauti, kama mtu: "Wewe leo unahama."

Nilikuwa na habari, na mimi habari haikai kifuani mwangu hata dakika tano. Nilipokuwa mdogo mama akinituma sukari kwa Mama Safiyo dukani, nilirudi na habari za duka zima na sukari nimeisahau kaunta. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa akisema miguu yangu na mdomo wangu vinashindana, na bado hajajua nani atashinda.

Lakini hii haikuwa ya dukani. Ilitoka ubaoni, asubuhi ile ile.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha utabibu Nairobi, upande wa maabara. Mwalimu wetu wa kinga ya mwili, Bwana Makokha, alikuwa amechora kitu kama andazi lenye nywele.

"Hii ni seli inayokula," alisema. "Kazi yake kuzoa. Na hizi si nywele, ni vipokezi vya kuzoa taka. Vipokezi vingine mwilini vina maringo, kila kimoja kina mgeni wake mmoja, wengine wote hakiwafungulii mlango. Hivi havina maringo. Seli iliyokufa, vinashika. Mafuta yaliyochacha kwenye mshipa wa damu, vinashika. Kidudu, vinashika. Vumbi, vinashika. Havimuulizi mtu kitambulisho."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Sasa ipe jiwe," akasema. "Unga wa jiwe jeupe, lile linalong'aa likivunjwa. Mtu anauvuta kwa pumzi, unafika chini kabisa ya pafu. Seli inauona, vipokezi vinaushika, inaumeza kama ilivyomeza kila kitu. Lakini jiwe haliyeyuki. Linaichana seli tumbo kutoka ndani. Seli inakufa, jiwe linaanguka pale pale, zima. Inakuja seli ya pili na mikono ile ile isiyochagua, inameza jiwe lile lile." Aligonga ubao kwa chaki. "Mtu anaweza kuwa ameacha kazi ya mawe miaka mingi. Kifuani mwake kazi haijafungwa hata siku moja. Pafu linakuwa makovu matupu. Anakohoa, anakonda, picha ya kifua inaonyesha madoa, anaambiwa ni kifua kikuu. Lakini makohozi yakipimwa, hamna kitu. Tena na tena, hamna kitu."

Nilihisi masikio yangu yanawaka moto.

Kwa maana papa, Parsaoti wangu, aliyepoteza ng'ombe wote ukame wa 1984, alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye kinu cha kusaga mawe meupe nje ya mji wa Kajiado. Kinu hicho kilishafungwa, hata mabati yalishang'olewa. Lakini namkumbuka akija Jumamosi jioni, nyusi nyeupe, nywele nyeupe, na sisi tukipiga kelele "Mzee amekuja!" kabla ya mzee kuwa mzee. Mama akikung'uta shati lake uani, kuku walikimbia. Halafu kikohozi kikaja, na mara mbili akatibiwa kifua kikuu. Mara ya pili ilikuwa na sindano siku sitini, mpaka akawa anakalia upande mmoja. Makohozi hayakuwahi kuonyesha kitu. Akajengewa kibanda chake karibu na zizi la ndama, na kikombe kikapata msumari.

Kengele ya chai ilipolia nilikuwa nimeshafunga begi.

"Unaenda wapi?" aliuliza Istar, rafiki yangu, binti wa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, ambaye anaandika kama anayeandikia malaika. "Kuna sehemu ya pili baada ya chai."

"Niandikie."

"Soipan, si amesema sehemu ya pili ndiyo kubwa?"

"Nitasoma kwako! Istar, baba yangu hana TB! Unasikia? Hana!"

Watu kwenye korido waligeuka. Mimi nilikuwa nimeshafika ngazini.

*

Papa alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, akitazama uwanda. Mwaka ule mvua ilikuwa imetukataa, na kutoka kwetu hadi kwenye barabara ya Namanga ungeweza kuhesabu mizoga. Upepo ukigeuka, mlifunga milango.

Niliinamisha kichwa mbele yake, kama tunavyowasalimu wazazi wetu. Mzazi huweka mkono kichwani. Papa aliinua wake na kuuacha hewani, shibiri moja juu ya nywele zangu, kama mtu anayepima kama mvua imeanza. Hivyo ndivyo alivyotusalimu tangu alipoambiwa ana ugonjwa wa kuambukiza.

"Papa, weka mkono."

"Takwenya, ntito ai," alisema tu. Hujambo, binti yangu.

"Iko," niliitikia kwa Kimaa. "Lakini weka mkono! Nimekuja na habari!"

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono kwa leso. Dada yangu Nalangu akaja nyuma yake na mtoto wake mgongoni, msichana wa miezi minne ambaye bado hakuwa na jina la nyumbani. Jina lilikuwa linamsubiri babu. Kwetu mzee anaonja maziwa, anayapuliza pamoja na mate yake kama mvua nyepesi juu ya kichwa cha mtoto, anamwombea kwa Enkai, Mungu wetu, anataja jina, na wote wanaitikia. Mama yangu Priscilla hakosi kanisa hata Jumapili moja, lakini hata yeye alikuwa anahesabu miezi. Papa alikataa. "Mate yangu yana kifo," alisema. "Mtafutieni mzee mwingine." Na Nalangu, mwenye kichwa kigumu kama papa mwenyewe, alisema basi mtoto atakaa bila jina mpaka aolewe.

"Haya, redio imefika," Nalangu alisema. "Kuna nini leo?"

Nikawaambia wote, nikiwa nimesimama, mikono ikiruka. Andazi lenye nywele. Mikono isiyochagua. Jiwe na seli, na seli ya pili. Nilichora mchangani kwa kijiti. Mama alielewa neno moja kati ya matatu, lakini papa alikuwa ameinama mbele, macho kwenye mchoro.

"Unakumbuka," alisema polepole, "ule mwaka watu walitia sumu kwenye mzoga, wakitaka kuua simba?"

"Nakumbuka."

"Tai walishuka. Tai hachagui, anakula kilichokufa. Wa kwanza alikula, akaanguka. Wa pili akaanguka juu yake. Niliwahesabu mpaka arobaini nikaacha. Simba hata hakuja."

"Ni hiyo hiyo papa! Wewe umeelewa kuliko darasa letu lote!"

Alitabasamu kidogo. Alikuwa na uso mzuri papa, hata ulipobaki ngozi na mifupa. Kisha akauliza, si mimi, aliuliza ule uwanda: "Na tai wakiisha, mizoga inaliwa na nani?"

"Hapo bado hatujafika," nikasema huku nikicheka. Na kweli sikuwa nimefika. "Muhimu ni kwamba jiwe haliambukizi! Unaweza kukohoa, unaweza kula nasi, unaweza kumshika mtoto. Miaka saba mnamfungia bure!"

Mama alishika mdomo. Macho yake yalienda kwenye kikombe, yakarudi kwa papa, yakaanguka chini. Ni yeye aliyekuwa akimpelekea chakula na kukiweka kwenye jiwe, hatua tatu mbali naye.

"Basi dawa yake ni gani?" papa aliuliza.

Hilo, haki ya Mungu, sikuwa nimelifikiria. Safari nzima nilikuwa nimeibeba ile habari kama mtu anayebeba keki, bila kutazama chini.

"Dawa..." nilisema. "Papa, jiwe haliyeyuki."

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna."

Ndama alilia zizini. Nalangu aliniangalia kama anataka kunipiga kofi.

"TB ilikuwa na dawa," papa alisema. "Nilimeza mara mbili, nilikuwa najiambia ya tatu itafika. Musila, mwenzangu wa kinuni, alimeza mpaka kidonge cha mwisho, tukamzika na pakiti mfukoni. Wale wanaume wa kinu wote walikufa wakingojea dawa ishike." Akapumua, na pumzi ilipanda kama mtu anayepanda ngazi na gunia. "Na wewe umekuja unacheka kuniambia mimi pia."

"Parsaoti, ni mtoto," mama alisema.

"Najua ni mtoto." Nilitamani kuufuta ule mchoro kwa mguu lakini mguu haukusogea. Halafu, taratibu, mkono wake uliinuka, ukashuka. Ukatua kichwani mwangu, mkavu, mwepesi kama jani la mahindi. Nilikuwa nimesahau uzito wake.

"Leteni maziwa," alisema. "Leteni huyo asiye na jina."

Nalangu alimfungua mtoto mgongoni. Mama alileta kibuyu. Papa alionja, akapuliza, na matone madogo yakatua kwenye nywele za mtoto, yakang'aa. Aliomba kwa sauti iliyokatika katikati ya maneno kwa sababu ya kikohozi, akasubiri kikohozi kipite, akaendelea, na sisi tukaitikia "Naai", ee Mungu, kila alipopumua. Mtoto alikamata kidole chake, akakataa kukiachia.

"Nasieku," papa alisema. Maana yake ni yule anayewahi kufika. Akanitupia jicho. "Kama huyu mama yake mdogo, anayefika kabla ya habari kuisha."

Tulicheka wote, nami kuliko wote. Jioni hiyo alikula nasi, kwenye sufuria moja. Mama alikitoa kile kikombe kwenye msumari, akakishika kwa mkono mzima, akakiweka chini kando ya mtungi, kikawa cha maji ya kuku.

*

Wiki zilizofuata nilipiga simu kila Jumapili. Mama alikuwa anacheka kama msichana. Mtoto halali pengine ila kifuani mwa babu. Mchana kutwa wako pamoja kivulini, yeye na Nasieku wake. Amerudi kulala ndani.

"Na kikohozi?"

"Kipo, si ulisema hakiishi? Na usiku analoa jasho kama aliyenyeshewa. Ni joto la hii nyumba ya mabati, amezoea kibanda."

"Ni joto," nikasema.

Sikuchukua daftari la Istar. Kila wiki nilisema nitalichukua. Nilikuwa na mengi ya kufanya, na tena nilijiona naijua ile mada kuliko waliobaki darasani. Mvua ilinyesha Aprili, uwanda ukawa kijani, watu wakaacha kufunga milango. Mei tulipelekwa kwa mazoezi ya kazi, mimi nikaangukia maabara ya hospitali Kajiado. Jioni moja nilikuwa nikisomea mtihani ndipo nikalifungua lile daftari, ambalo Istar alikuwa amenitupia begini mwenyewe, amechoka kuniambia.

Sehemu ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Mwandiko wa malaika.

*Seli hizi hizi zinazouawa na mawe ndizo askari wa kwanza dhidi ya kifua kikuu. Zinakimeza kidudu, zinakifungia. Zikipungua, au zikijaa mawe zikalemaa, kidudu kinapata nyumba bila mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa vumbi la mawe yuko hatarini kupata kifua kikuu cha kweli kuliko mtu mwingine, hata miaka mingi baada ya kuacha kazi. Asichukuliwe kuwa salama kwa sababu makohozi ya zamani hayakuonyesha kitu. Apimwe kila anapobadilika: akikonda zaidi, akitoa jasho usiku.*

Pembeni Istar alikuwa ameandika kwa penseli: *Soipan, mwambie baba.* Aliandika siku ile ile, Machi, nikiwa njiani naenda nyumbani.

Na tai wakiisha. Papa aliiuliza mbele yangu, mtu ambaye hajawahi kukaa darasani, nami nikacheka.

Nilimwita Kajiado kesho yake, nikamwambia ni vipimo vya kawaida. Alikuja amevaa koti lake la kanisani. Alitoa makohozi nje, upande wa upepo, kama nilivyomwelekeza, akanipa kichupa akisema, "Nasieku ananingoja," akaondoka na gari la saa tano.

Nilifanya kila kitu kwa mkono wangu. Nilipaka kwenye kioo, nikakausha. Nikamwaga rangi nyekundu, nikaipasha moto mpaka ikatoa mvuke. Nikaosha kwa asidi, ambayo huondoa wekundu kwa kila kitu isipokuwa kidudu hicho kimoja cha kifua kikuu, mkaidi. Nikamalizia na buluu. Niliweka kioo chini ya hadubini, na kabla ya kuinama niliomba nione buluu tupu.

Buluu ilikuwepo. Na juu yake, kila mahali nilipogeuza, vijiti vyekundu, vyembamba, viwili viwili, mafungu mafungu, kama kuni zilizomwagika.

Msimamizi wetu, Bi Wamaitha, aliona nimekaa sana. Alinisogeza kwa bega, akaangalia kidogo tu.

"Plasi tatu," alisema. "Vimejaa, hata hakuna haja ya kuhesabu. Andika." Akachukua kalamu mwenyewe alipoona siandiki. "Mzee wa miaka hamsini na nane. Anaishi na nani? Kuna mtoto mdogo nyumbani?"

Nilichukua begi. Alirudia swali nikiwa mlangoni.

*

Kutoka stendi ya Kitengela hadi kwetu ni mwendo wa dakika kumi na tano. Mimi huwa natumia saba. Siku ile sijui nilitumia ngapi.

Walikuwa kivulini kama mama alivyosema. Papa alikuwa ameegemea ukuta, shuka begani, na Nasieku amelala kifudifudi juu ya kifua chake, kichwa chini ya kidevu cha babu. Kifua kilipopanda, mtoto alipanda. Kiliposhuka, alishuka. Walikuwa wanavuta hewa ile ile. Mama alikuwa anachambua maharagwe, Nalangu anafua.

"Ala!" Nalangu alisema. "Leo redio imekatika betri?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu papa alikuwa ameshaniona. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama mawingu mwezi wa Machi.

"Soipan anatembea," alisema.

Nilisimama mbele yake, nikainamisha kichwa. Nilingoja mkono. Nilitaka uje, na nilitaka usije.

"Tai wameisha," alisema. Safari hii hakuuliza.

"Dawa iko, papa," nikasema. "Ya hii, dawa iko. Na ya mtoto iko pia, tukimpeleka kesho. Kesho asubuhi, papa."

Aligeuza uso wake kando, mbali na kichwa cha mtoto, akabana pumzi. Nilimwona akiibana. Kisha akamwinua Nasieku kwa mikono miwili, kama mtu anayeinua kibuyu kilichojaa, akamshika mbali na mwili wake.

"Nalangu. Mchukue."

"Kwa nini? Amefanya nini?" Mama alikuwa amesimama, maharagwe yamemwagika. "Soipan, kuna nini?"

Nalangu alikuja na povu mikononi. Mtoto alikuwa ameamka, amekamata ukingo wa shuka, na alipovutwa shuka ilikuja naye. Papa alilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja, uso wake bado umegeukia ukuta.

Alipomaliza aliinuka akishika ukuta. Alipita karibu nami bila kunigusa, akaenda mpaka kando ya mtungi, akamfukuza kuku kwa mguu. Alimwaga maji ya kikombe, akakipangusa kwa ncha ya shuka, ndani na nje. Nilitaka kumwambia si kikombe, papa, haikuwahi kuwa kikombe, ni pumzi. Mara hii mdomo haukukimbia. Akakitundika kwenye msumari wake, kikayumba mara mbili tatu, kikatulia, naye akaelekea zizi la ndama, kwenye kibanda chake ambacho hatukuwa tumekibomoa.

Mikononi mwa Nalangu, Nasieku alikuwa bado anafumba na kufumbua ngumi, akitafuta chochote cha kushika.